Bakteria wachache walio wengi: jibu kwa afisa ugani wa Mufindi

Swali: Mimi ni afisa ugani katika Wilaya ya Mufindi. Maabara imenipa orodha ya bakteria waliopatikana katika udongo wa shamba la mahindi linalopakana na chai. Orodha ina maelfu ya aina, na kila aina ina namba yake, yaani idadi ya mara jeni yake iliposomwa katika sampuli. Mtaalamu aliyenikabidhi alisema nikizipanga namba hizo kwa ukubwa nitapata umbo lile lile linalopatikana katika maji ya bahari na katika utumbo wa binadamu. Inawezekanaje vitu visivyohusiana kabisa vifuate kanuni moja? Na kama bakteria wachache tu ndio walio wengi, si ingetosha wakulima wangu wawanunue hao katika chupa na kuwamwaga shambani?

Jibu: Ndugu Afisa Ugani, mtaalamu huyo alikuambia kweli, nami nafurahi kwamba hukuiacha kauli yake ipite hivi hivi. Hata hivyo ukweli huo una mpaka, na mpaka huo unaihusu kazi yako kuliko umbo lenyewe. Umbo linalojirudia kila mahali ni dalili kwamba kuna jambo la jumla linalotenda kazi, lakini halitaji ni jambo gani, wala halisemi kwamba bakteria walio juu ya orodha wanafaa kuliko walio chini. Naomba uvumilie maelezo marefu kidogo, kwa sababu swali lako la pili haliwezi kujibiwa kwa haki kabla ya lile la kwanza.

Chukua orodha yako uipange kuanzia namba kubwa. Juu utakuta aina chache ambazo jeni yake ilisomwa mara maelfu. Baada ya hapo namba zitaanguka haraka, na sehemu kubwa ya orodha itakuwa ya aina zilizosomwa mara moja au mbili tu. Ukizigawa katika makundi yanayoongezeka maradufu, yaani 1 hadi 2, 2 hadi 4, 4 hadi 8 na kuendelea, kisha ukahesabu kuna aina ngapi katika kila kundi, utaona grafu inayokaribia umbo la kengele, ambayo mara nyingi imekatwa upande wa kushoto kwa sababu aina adimu kabisa hazikunaswa na sampuli. Jambo hili halikugunduliwa kwa bakteria. Mwaka 1943 Fisher, Corbet na Williams walilieleza kwa hesabu wakitumia vipepeo wa Malaya na nondo walionaswa kwa taa huko Rothamsted, Uingereza, na mwaka 1948 Preston akapendekeza njia hiyo ya makundi maradufu. Bakteria walisubiri kwa sababu wengi wao hawakubali kuoteshwa maabara. Baada ya Carl Woese kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba jeni moja ya ribosomu (mtambo wa seli unaotengeneza protini), yenye herufi kama 1,500, inaweza kutumika kuwapanga viumbe hao, na baada ya usomaji wa DNA kushuka bei, ndipo tulipoanza kuwahesabu bila kuwaotesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya udongo kutoka maeneo 237 katika nchi 18, ulikuta kwamba asilimia 2 hivi ya aina, yaani kama aina 500, zilibeba karibu nusu ya jamii nzima ya bakteria wa udongo. Orodha yako ya Mufindi, basi, haina ugonjwa wowote.

Sasa, kwa nini? Fanya hesabu hii kwa kalamu, kwa kuwa inafundisha kuliko maneno yangu. Tuseme una aina 1,024 za bakteria katika kipande kimoja cha udongo, kila aina ikianza na seli 1,000. Kila wiki kila aina hukutana na bahati yake: ama idadi yake huongezeka maradufu, ama hupungua kwa nusu, na uwezekano wa hayo mawili ni sawa. Hakuna aina iliyo bora kuliko nyingine, wala inayomshinda mwenzake. Baada ya wiki 10, kwa wastani, aina 252 zitakuwa zimepanda mara tano na kushuka mara tano, hivyo zimerudi pale pale kwenye seli 1,000. Aina 45 zitakuwa zimepanda mara nane na kushuka mara mbili, kila moja ikiwa na seli 64,000. Aina 10 zitakuwa na seli 256,000 kila moja, na aina moja, iliyopanda wiki zote kumi, itakuwa na seli 1,024,000. Upande wa pili ipo moja iliyoshuka wiki zote, ambayo kwa hesabu imebakiwa na chini ya seli moja, yaani imekwisha. Jumlisha zote utapata karibu seli milioni 9.5, na katika hizo, karibu milioni 6.5 ni za aina 56 za juu. Asilimia 5 na nusu ya aina inashika zaidi ya theluthi mbili ya seli zote, ingawa tulianza kwa usawa kamili na hatukumpendelea yeyote.

Siri iko katika kuzidisha. Viumbe wanaogawanyika hawaongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: mvua njema huwazidisha wote waliopo, na ukame huwagawanya wote waliopo. Vitu vingi vidogo vya kubahatisha vikijumlishwa huzaa umbo la kengele la kawaida. Vikizidishwa, ni logi ya idadi, yaani idadi ikipangwa kwa makundi maradufu kama yale ya juu, ndiyo inayochukua umbo la kengele, na wanahesabu huuita mgawanyo huo lognomali. Bahari, utumbo na shamba la mahindi havishirikiani chakula, joto wala majirani, lakini katika vyote vitatu bakteria huongezeka kwa kuzidisha na hutikiswa na mambo mengi yasiyotabirika, na hilo peke yake linatosha kufanya grafu zao zifanane.

Mfano wangu, hata hivyo, una kasoro usiyopaswa kuifumbia macho. Ukiuendesha kwa wiki 100 badala ya 10, pengo kati ya wakubwa na wadogo litazidi kupanuka bila kikomo, wakati katika udongo halisi pengo hilo halipanuki milele. Lazima kuwe na kitu kinachovuta nyuma. Mwaka 2020 Jacopo Grilli, mtafiti wa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, alipitia takwimu za mazingira mbalimbali, yakiwemo udongo, maziwa, bahari na utumbo, akaonyesha kanuni tatu zinazokaa pamoja. Ya kwanza ni kwamba aina moja ikifuatwa katika sampuli nyingi, idadi yake hupanda na kushuka kwa mgawanyo uitwao gama. Ya pili ni kwamba kiasi cha kupanda na kushuka huko hukua sambamba na wastani wa aina yenyewe, kiasi kwamba aina yenye wastani mara kumi zaidi huyumba mara kumi zaidi. Hii ni sura ya kanuni iliyopewa jina la Taylor, aliyeieleza mwaka 1961 alipokuwa akichunguza wadudu. Ya tatu ni kwamba wastani wa aina zote, ukichorwa pamoja, hutoa lognomali. Kanuni mbili za kwanza zinaelezeka kwa modeli rahisi: kila aina ina kiwango ambacho mazingira yanaweza kukibeba, ikikizidi huvutwa chini, ikipungua hupanda tena, na wakati wote hali ya mazingira huitikisa. Kwa nini viwango hivyo vyenyewe vimetawanyika kwa lognomali, modeli hiyo haielezi. Inavipokea kama vilivyo. Kwangu mimi hapo ndipo kazi kubwa ilipobaki, na ningependa kijana mmoja wa nyanda zetu za juu kusini aishike.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo ningependa ulikumbuke kila unapofungua orodha. Hesabu za Grilli zinaonyesha kwamba mara nyingi aina isiyoonekana katika sampuli haikukosekana shambani. Ilikuwapo kwa uchache, na usomaji wa DNA haukuifikia. Kwa hiyo ukiona aina fulani ina sifuri katika shamba la mahindi na 3 katika shamba la chai, usiandike katika taarifa kwamba chai inayo na mahindi hayana.

Nilisema umbo halitaji sababu. Mwaka 2001 Stephen Hubbell alitoa nadharia inayochukulia kwamba viumbe vyote vya jamii moja ni sawa kabisa katika kuzaliwa, kufa na kuhama, na nadharia hiyo ikazaa grafu zinazofanana sana na za misitu halisi. Modeli zinazosema kinyume chake, kwamba kila aina ina nafasi yake na ustadi wake, nazo huzaa grafu za namna hiyo. Njia mbili zinazopingana zikifika mahali pamoja, kufika hapo hakuthibitishi ni njia ipi iliyopitwa. Na ukilivuta umbo mbali kuliko takwimu zilikofika, linaweza kukupoteza vibaya. Mwaka 2016 Locey na Lennon walitumia uhusiano wa namna hii kukadiria kwamba dunia inaweza kuwa na aina trilioni moja za vijidudu. Mwaka 2019 Louca na wenzake, wakihesabu jeni zilizokwisha kusomwa duniani, walikadiria aina kati ya laki 8 na milioni 1.6 za bakteria na arkea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo). Wote ni watafiti makini, na kati ya makadirio yao kuna tofauti inayokaribia mara milioni moja.

Kwa hiyo, afisa ugani atazame nini? Jibu langu ni kwamba umbo la orodha lichukuliwe kama kitu cha kutarajiwa, kisha nguvu ielekezwe kwenye swali la nani yuko wapi katika umbo hilo, na ni nini kinachobadilisha nafasi zao. Hapa sayansi ina jibu zuri lisilo la kubahatisha, na bahati nzuri linaihusu Mufindi moja kwa moja: ni uchachu wa udongo. Mwaka 2006 Fierer na Jackson walichapisha uchunguzi wa sampuli 98 za udongo kutoka Amerika Kaskazini na Kusini, wakakuta kwamba wingi wa aina za bakteria unatabirika kwa pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali) kuliko kwa joto, mvua au latitudo. Udongo usioelemea uchachu wala ubesi ulikuwa na aina nyingi zaidi, na udongo wenye uchachu mkali ulikuwa na chache. Ushahidi ninaoupenda zaidi, kwa sababu ni shamba moja lenye udongo mmoja na hali ya hewa moja, ni wa Rothamsted, ambako ukanda mmoja uliwekewa chokaa kwa viwango tofauti zamani, hata pH yake ikawa inapanda kutoka 4.0 hadi 8.3 katika umbali wa mita 180 tu. Rousk na wenzake waliripoti mwaka 2010 kwamba kutoka pH 4 hadi 8 utofauti wa bakteria ulikaribia kuongezeka maradufu, ilhali kuvu hawakujali sana.

Sasa simama kwenye mpaka wa shamba ulilolitaja. Chai hupenda udongo wenye pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi, na mbolea zenye amonia hukoleza uchachu huo mwaka hadi mwaka. Mahindi kwa upande wake huanza kunufaika pale mkulima anapoweka chokaa ya kilimo na pH ikapanda. Hatua chache ulizovuka kutoka kwenye mistari ya chai hadi kwenye matuta ya mahindi zinaweza kubadilisha jamii ya bakteria kuliko safari ya kutoka Mafinga hadi Tukuyu, iwapo huko nako umefikia udongo wenye pH ile ile. Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona orodha ya bakteria isiyoambatana na pH ya udongo ilikotoka.

Umbali na ukubwa wa eneo vina uzito pia, ila si ule tuliouzoea kwa miti na ndege. Kwa mimea, kanuni ya kawaida ni kwamba ukiongeza eneo mara kumi, idadi ya aina huongezeka kwa kipeo kinachozunguka 0.25, yaani kama asilimia 78. Horner-Devine na wenzake, walipopima bakteria wa kinamasi cha chumvi huko Marekani mwaka 2004, walipata kipeo kisichozidi 0.04, ambacho kwa eneo mara kumi kinaongeza takriban asilimia 10 au chini ya hapo. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna tunavyoamua bakteria wawili ni wa aina moja, kwa hiyo usiichukue kama sheria isiyobadilika. Mwinuko nao una habari yake: mtu anayepanda kutoka Kyela hadi Kitulo huona uoto ukibadilika chini ya miguu yake, lakini utafiti wa mwaka 2011 kwenye milima ya Andes huko Peru ulikuta kwamba idadi ya aina za bakteria wa udongo haikufuata mwinuko kama miti na ndege wanavyofuata.

Kabla sijafika kwenye chupa, kuna mitego mitatu ndani ya orodha yenyewe. Mtego wa kwanza ni kwamba bakteria wengine wana nakala moja ya jeni inayosomwa na wengine wana zaidi ya kumi, hivyo seli moja inaweza kuhesabiwa kana kwamba ni nyingi. Mtego wa pili ni DNA ya wafu: Carini na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba, kwa wastani, asilimia 40 hivi ya DNA ya bakteria na kuvu katika udongo waliouchunguza ilitoka kwa seli zilizokwisha kufa au kupasuka. Mtego wa tatu ndio unaowapotosha watu wengi zaidi, nao ni asilimia. Tuseme gramu moja ya udongo ina bakteria milioni 100 wa kundi A na milioni 100 wa kundi B. Mkulima anaweka chokaa. Kundi A linafika milioni 300 na kundi B halibadiliki hata kidogo. Orodha itaonyesha kwamba B imeshuka kutoka asilimia 50 hadi 25, nawe utaandika kwamba chokaa imewaua, kumbe hakuna hata mmoja aliyekufa. Usomaji wa jeni peke yake hauoni jumla. Jumla inahitaji kipimo kingine.

Sasa chupa. Hoja yako ni kwamba wachache walio wengi ndio wanaofanya kazi, basi tuwaongeze. Rudi kwenye hesabu ya wiki kumi: aina iliyofika milioni moja haikuwa na ustadi wowote, ilibahatika tu. Sidai kwamba udongo halisi ni bahati tupu, kwani pH imetuonyesha kwamba sivyo. Ninachosema ni kwamba wingi peke yake si cheti cha faida. Wako bakteria wachache mno kwa idadi wanaofanya kazi isiyofanywa na wengine, kama wale wanaogeuza amonia kuwa nitraiti. Isitoshe, modeli ile ya kiwango cha mazingira inatabiri kitakachowapata wageni: ukimwaga bakteria wengi kuliko udongo unavyoweza kuwabeba, idadi itavutwa chini hadi kiwango chake, na kama kiwango hicho ni kidogo, baada ya muda fedha ya mkulima itakuwa imepotea pamoja nao. Ikiwa udongo wake una pH ya 4.6, bakteria wapendao pH ya 7 hawatakaa, hata chupa iwe na maandishi ya kuvutia kiasi gani. Kwa mahindi ya shamba hilo ningemshauri anunue chokaa kwanza, baada ya kupima.

Hata hivyo, si kila kiumbe cha kuletwa hushindwa, na watu wako wanaijua mifano miwili. Soya hufaidika sana na rizobia, bakteria wanaoishi katika mizizi ya mikunde, wanaopakwa kwenye mbegu, hasa katika shamba ambalo halijawahi kulimwa soya, kwa sababu rizobia wake maalumu wanaweza kukosekana humo na mmea wenyewe huwajengea vinundu vya kuishi. Misindano nayo, ambayo leo imefunika Sao Hill, ni miti ya kigeni. Katika nchi nyingi za tropiki miche yake ilidumaa hadi kuvu wanaoshirikiana na mizizi yake walipoletwa pamoja na udongo wa vitalu vya zamani, na uyoga unaochipua chini ya misindano ni tunda la ushirika wa namna hiyo. Katika mifano yote miwili mwenyeji alikuwa mgeni shambani, mshirika wake hakuwapo, na alipoletwa alikuta nyumba inayomsubiri. Chupa inayoahidi bakteria wa jumla kwa kila udongo na kila zao haina mwenyeji wala nyumba. Muulize muuzaji swali hilo moja: bakteria hawa wataishi kwa nani? Asipoweza kukutajia mmea na udongo, mshauri mkulima asinunue.

Kuhusu sampuli zijazo, nakuomba ubadilishe desturi moja. Tumefundishwa kuchukua udongo sehemu nyingi za shamba kwa zigizaga, kuuchanganya kwenye ndoo na kupeleka mfuko mmoja maabara. Kwa ushauri wa mbolea utaratibu huo ni sahihi, uendelee nao. Kwa bakteria, mchanganyiko huo unafuta kile kile tunachotaka kukiona, kwa sababu kanuni zote nilizozieleza zinahusu namna idadi zinavyotofautiana kati ya sehemu na sehemu na kati ya msimu na msimu, na sampuli moja haina tofauti ya kupimwa. Weka sehemu zako katika mifuko mbalimbali, chache upande wa chai na chache upande wa mahindi, pima pH ya kila mfuko, andika kina na tarehe, safisha beleshi kati ya shimo na shimo, hifadhi mifuko kwenye baridi, kisha urudi sehemu zile zile mvua zikianza na wakati wa kiangazi. Fedha ikiwa haba, ni bora mifuko mingi ambayo jeni zake zimesomwa mara chache kuliko mfuko mmoja ambao jeni zake zimesomwa mara nyingi sana. Orodha hizo zikitoka, nitumie pamoja na pH zake tuzipitie.